Mtoto kaambiwa baba amesafiri, nimwambieje ukweli?

Pole sana dada. Mwanao ana miaka 5, baba yake amefariki, na mashangazi wameshamwambia "amesafiri". Mwambie ukweli leo, usingoje arobaini. Mtoto aliyeambiwa safari hukaa akisubiri, na siku ukienda hata sokoni atalia akidhani nawe hurudi. "Amelala" ni mbaya zaidi, maana ataanza kuogopa kitanda.

Kaa naye mahali alipozoea, mchana badala ya usiku. Tumia neno lenyewe: "Baba amekufa. Mwili wake umeacha kufanya kazi. Hapumui, hasikii njaa wala maumivu, na hatarudi." Kisha nyamaza. Mambo ya peponi yafuate baadaye, kwa imani yenu. Mhakikishie kwamba si yeye aliyesababisha, na umtajie nani sasa atampeleka shule.

Akikimbilia mpira baada ya dakika mbili, si ukaidi. Watoto huomboleza kwa vipande. Atauliza tena na tena, mjibu kwa maneno yaleyale. Kukojoa kitandani au kung'ang'ania kanga yako kwa wiki kadhaa ni kawaida. Akigoma kula, au akisema anataka kumfuata baba, mpeleke hospitali. Na hao mashangazi wape maneno hayohayo kabla hawajamkalisha tena.