Majirani wanasinzia kwenye tamthilia yetu

SWALI: Tunaandika tamthilia ya runinga kuhusu wasichana wanaokatishwa masomo waolewe. Tumewaonyesha majirani episodi tatu. Wanasifu ujumbe, lakini wanasinzia, na anayewachangamsha ni baba mkorofi tu. Tumekosea wapi?
Waandishi chipukizi, Morogoro

JIBU: Chukueni skripti na kalamu nyekundu. Pigeni mstari kila mhusika anapomweleza mwenzake jambo ambalo mwenzake analijua tayari. Hayo ndiyo mahubiri. Yafuteni, hata kama sini, yaani onyesho moja, itabaki na maneno manne.

Hamko peke yenu. Mwaka 1984 televisheni ya taifa ya India, Doordarshan, ilianza kurusha Hum Log, ikilenga uzazi wa mpango. Mafunzo yalizidi, baada ya episodi 13 yakapunguzwa, kisa cha familia kikapewa nafasi, na watu wakanogewa. Lakini Bhagwanti, mama mvumilivu aliyeandikwa awe onyo, watazamaji wengi walimsifu kuwa mke mwema. Kwa maoni yetu haishangazi: penye jamii inayotukuza uvumilivu, machozi peke yake humpamba mhusika.

Dawa ni mhusika anayeyumba. Miguel Sabido wa Mexico, katika miaka ya 1970, aligawa wahusika makundi matatu: wema, wabaya, na walio katikati, ambao mtazamaji hujiona ndani yao. Hapa kwetu mchezo wa redio Twende na Wakati, ulioanza 1993, ulifuata njia hiyo. Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake kila kituo, alivutia, ila mienendo yake ilimfikisha kwenye UKIMWI. Mkewe Tunu hakuamka siku moja akiwa jasiri. Alifika huko hatua kwa hatua.

Kwenu anayeyumba awe mama. Aifiche ada kwenye debe la unga. Baba aikute, amuulize, naye adanganye kwamba ni hela ya kikoba. Episodi inayofuata aitoe mwenyewe, ampe baba kwa woga. Akigeuka kabla ya episodi ya kumi, mmeharakisha. Baba mwacheni achekeshe, lakini kila ubabe umgharimu kitu kinachoonekana kwenye skrini: mteja, rafiki, heshima ya mwanawe.

Mkimaliza kuonyesha, msiwaulize majirani wamejifunza nini. Waulizeni mama atafanya nini kesho. Wakibishana, endeleeni. Wakijibu sawa wote, andikeni upya sini ya mwisho.

SWALI: Episodi ya dakika 24 inabeba sini ngapi?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Kati ya 12 na 14, ukurasa mmoja wa skripti ni kama dakika moja. Kisa kikuu kipewe sini sita au saba, cha pili nne, cha tatu mbili au tatu. Visa vinne tayari ni vurugu: anayerudi kutoka jikoni hajui tena nani anamdai nani.