Chinchila katika joto la Tanga: chumba kwanza

Swali: Asalaam alaikum, daktari. Binti yangu amewaona chinchila, wale wanyama wadogo wa jamii ya panya, kwenye simu na sasa hana wimbo mwingine. Kaka yangu aliyeko Uingereza yuko tayari kutusaidia kumpata mmoja. Tunaishi Chumbageni, nyumba ya bati yenye dari, na kila chumba kina feni. Nitamtambuaje aliye mzima, na niandae nini nyumbani? – Mama, Tanga

Jibu: Waalaikum salaam, mama. Umeuliza mawili, nami nitaanza na la pili, kwa kuwa ndilo litakaloamua kama la kwanza lina haja ya kujibiwa.

Asili ya chinchila ni milima ya Andes, upande wa Chile, kwenye miamba mikavu ambako usiku huwa na baridi kali. Manyoya yake yamesongamana kiasi kwamba kitundu kimoja cha ngozi, ambacho kwetu sisi hutoa unywele mmoja, kwake hutoa zaidi ya hamsini. Hustarehe penye nyuzijoto 10 hadi 20. Zikipita 25 huanza kuingia hatarini, hasa hewa ikiwa na unyevu mwingi. Tanga wakati wa kaskazi mchana huvuka nyuzijoto 30, na hata katika kipupwe cha Julai huzidi 25.

Kuhusu feni, hapa ndipo wengi hukosea. Feni hutupoza sisi kwa sababu hukausha jasho lililo juu ya ngozi. Chinchila hatokwi na jasho, na upepo wenyewe haupenyi manyoya yale, kwa hiyo feni humpulizia joto lilelile tu. Anachohitaji ni kiyoyozi kinachofanya kazi usiku na mchana, pamoja na kipimajoto na kipimo cha unyevu vilivyowekwa usawa wa kizimba, si juu ukutani. Unyevu usizidi asilimia 50 hivi. Umeme ukikatika mchana wa Februari, bati likiwa limeshika moto, chumba hakichukui muda kupanda joto, na kama hamna jenereta ya kuendesha kiyoyozi mnaweza kumpoteza siku hiyohiyo. Mkiona masikio yamekuwa mekundu, anahema mdomo wazi, anatoka udenda au amelala ubavu, mhamishieni mahali penye ubaridi na mumwite daktari bila kuchelewa. Msimtumbukize kwenye maji.

Ikiwa chumba cha namna hiyo mnakimudu, kumchagua si kazi kubwa. Mwombe muuzaji amfunue mdomo: meno ya mbele yanatakiwa kuwa ya manjano iliyokolea, karibu na rangi ya chungwa. Watu hudhani ni uchafu, kumbe meno meupe ndiyo ya kutilia shaka. Kisha mpapase kidevu. Kikiwa na majimaji, huenda magego yamerefuka kupita kiasi, na tatizo hilo halina tiba rahisi, maana meno yake hukua maisha yote. Kinyesi kiwe kikavu na kigumu. Umri nao ni wa kufikiria, kwani huishi zaidi ya miaka 10 na wengine hufika 20. Binti yako huenda akaolewa akamwacha kwako.

Chakula chake kikuu ni hei, yaani majani yaliyokaushwa, ambayo wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wa hapa Tanga wanaijua vizuri, ila iwe haijashika ukungu. Haogi maji. Hugaagaa katika vumbi laini la mawe ya volkano kwa dakika 10 hadi 15, mara mbili au tatu kwa wiki, na mchanga wa ufukweni Raskazone hauwezi kushika nafasi yake. Kabla kaka hajanunua chochote, ulizeni ofisi ya mifugo kuhusu kibali cha kumwingiza nchini.

Kwa nyumba uliyoieleza, mimi simshauri chinchila. Simbilisi (guinea pig) atamfaa binti zaidi: naye joto kali humsumbua, lakini akiwa kivulini, katika banda linalopitisha hewa, huishi vizuri mwambao. Mwili wake hautengenezi vitamini C, kwa hiyo apewe pilipili hoho na majani mabichi kila siku pamoja na hei. Achukue wawili, kwa kuwa hapendi upweke, na wote wawe majike, maana simbilisi huweza kushika mimba akiwa na umri wa wiki chache tu.