Nitaachwa nyuma?

Swali: Shangazi, naendesha baiskeli ya mtumba kutoka Umoja hadi kazini Industrial Area, hapa Nairobi. Timu ya wanawake ya mashindano imenialika mazoezi ya Jumapili, kupanda Limuru. Naogopa kuachwa.

Jibu: Utaachwa, mwanangu, wala si aibu, Limuru iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mimi naogopea jambo jingine: kufuata gurudumu la mwenzio. Ukimkaribia anakukinga upepo, unaokoa nguvu nyingi. Magurudumu yakigusana, wa nyuma ndiye huanguka kwa kawaida. Anza kwa nafasi ya mita moja, macho mgongoni mwake, si kwenye tairi, na breki usizibane ghafla. Baiskeli mpya isubiri. Helmeti usinunue ya mtumba, hata wauza mitumba wa soko la Gikomba wakuapie.