Kabla ya Kolonoskopi, Achana na Mchicha

Wiki iliyopita nilifanyiwa kolonoskopi, kile kipimo cha kuingiza kamera kwenye utumbo mpana. Usingizi wa dawa ulipoisha, daktari alinionyesha picha akasema, "Hongera mama, umejisafisha vizuri. Nimeona kila kona." Alikuta kijinyama kimoja, akakitoa papo hapo, na jana majibu ya maabara yametoka: hakina saratani. Nimefurahi mno, na naona fahari kusema kwamba ushindi huu ulianzia jikoni kwangu.

Nasema hivyo kwa sababu mara ya kwanza, katika hospitali nyingine, kipimo hikihiki kilishindikana. Nilipewa dawa ya kunifanya niharishe na karatasi yenye mstari mmoja: usile kuanzia saa sita usiku. Habari ya chakula cha siku za kabla hakuna aliyenigusia. Nikala tunavyokula siku zote, ugali wa dona, maharage na kisamvu, nikamalizia na pera. Saa sita nikafunga mdomo, kama nilivyoagizwa. Kesho yake nazinduka naambiwa kamera haikuona kitu, utumbo umejaa majani na mbegu. Daktari akaniuliza mbele ya wauguzi, kwa kunikaripia, kama najua kusoma. Mimi, mwalimu wa shule ya msingi! Pesa haikurudi. Swali lile hadi leo nikilikumbuka roho inauma.

Nilirudi kupima kwa ajili ya baba, ambaye tulimzika kwa saratani ya utumbo mpana. Mwenye mzazi au ndugu wa tumbo moja aliyeugua saratani hii hushauriwa aanze kupimwa akifika miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri ambao ndugu huyo aligundulika, kutegemea kipi kinatangulia. Kijinyama huchukua miaka mingi kugeuka saratani, na kikitolewa mapema hatari yake inakwisha. Lakini daktari hawezi kutoa asichokiona. Jani la mchicha likinata ukutani mwa utumbo, kijinyama bapa kinaweza kujificha chini yake, na mbegu huziba tundu la kifaa linalonyonya uchafu.

Hospitali ya pili nilikutana na muuguzi aliyeniketisha akaniuliza nyumbani tunakula nini, tukapitia sahani kwa sahani. Dona? Badili, kula sembe. Maharage, kunde, choroko? Acha. Matembele, kisamvu, bamia? Acha. Karanga, mahindi ya kuchoma, uji wa ulezi, mapera, pasheni, nyanya na mbegu zake? Vyote acha, siku tatu kabla ya kipimo. Nibaki na wali mweupe, mkate mweupe, mayai, samaki, kuku asiye na ngozi, viazi vilivyomenywa. Kama unameza vidonge vya kuongeza damu, mwulize daktari mapema, kwa kawaida husimamishwa kama wiki nzima kabla maana hufanya choo kuwa cheusi na kunata.

Kazi ilikuwa nyumbani. Wifi yangu alikuja kunihudumia, akapika mchicha wa nazi. "Wifi, tumbo litasafikaje bila mboga za majani?" Nikamjibu kwamba maneno yake ni ya kweli siku zote za mwaka isipokuwa hizi. Mboga zinafaa kwa sababu nyuzi zake hazisagiki, na ndiyo sababu hiyo hiyo inayozifanya zibaki utumbo unapotakiwa kuwa mtupu. Alinuna kidogo, akanikaangia mayai.

Siku moja kabla ya kipimo ni vya maji tu, tena vinavyopitisha mwanga: maji, chai ya rangi, supu ya kuku iliyochujwa ikabaki maji yake, juisi ya tufaha, maji ya glukosi. Maziwa hapana, uji hapana. Vinywaji vyekundu au vya zambarau kama rozela, juisi ya ubuyu uliotiwa rangi au soda nyekundu pia hapana, kwa kuwa ndani ya utumbo huonekana kama damu.

Dawa yenyewe ni unga unaokorogwa kwenye maji, lita 2 hadi 4 kulingana na aina. Ina chumvichumvi yenye kuchefua. Iweke kwenye friji, inywe glasi moja kila baada ya dakika 10 au 15, na ukihisi kutapika pumzika kidogo halafu uendelee. Mimi niligawiwa mara mbili, nusu jioni na nusu alfajiri, na utaratibu huo husafisha vizuri zaidi kuliko kunywa yote jioni. Jaza ndoo zote mapema, mgao wa maji usikukute katikati ya shughuli. Jipake mafuta ya mgando huko nyuma kabla hakujaanza kuwasha. Utajua umesafika ukiona kinachotoka ni maji ya manjano yanayoangaza, hayana chembe. Kama bado ni ya kahawia, piga simu hospitali kabla hujaondoka nyumbani.

Ndugu zangu, msikubali karatasi ya mstari mmoja! Uliza utakula nini juzi yake, jana yake, na alfajiri ile. Uliza hata kama nyuma yako kuna foleni na mtu anaguna. Mwenye kisukari aulize kuhusu sindano na vidonge vyake, kwa sababu kushinda na maji matupu kunaweza kushusha sukari vibaya. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, au mwenye figo au moyo wenye shida, aseme mapema, kwani hata aina ya unga huchaguliwa kwa kuzingatia hayo. Na uje na mtu mzima wa kukurudisha nyumbani, kwa sababu baada ya sindano ya usingizi hutakiwi kuendesha gari wala kupanda bodaboda peke yako siku ile.