Kughani mashairi juu ya raga: nilikosea na Darbari, nikapatia na Marwa

Ndugu mleta uzi, umeuliza raga ipi (raga ni mpangilio wa noti katika muziki wa India, wenye mwendo wake na saa yake) uitumie kughania mashairi yako matatu: la mvua, la kumlilia bibi yako na la mapenzi. Umeweka na orodha uliyoikuta mtandaoni: raga hii ya huzuni, hii ya furaha, hii ya mahaba. Orodha kama hiyo ilinipoteza karibu mwaka mzima, ndiyo maana naandika kwa urefu.

Nilisoma Pune, India, miaka minne. Jirani yangu alikuwa mama mmoja aliyefundisha kuimba nyumbani kwake. Wanafunzi walimwita Tai, yaani dada mkubwa kwa Kimarathi, nami nikamwita hivyo hivyo. Mwaka wa pili baba yangu alifariki Tanga. Simu niliipata asubuhi, na kufika alasiri alikuwa ameshazikwa. Baada ya wiki chache nikatunga shairi la beti saba, nikataka kulighani juu ya tanpura, kile chombo cha nyuzi kinachovuma nyuma ya mwimbaji bila kukoma. Orodha yangu ilisema huzuni nzito ni Darbari.

Darbari ni raga ya usiku mkubwa, na Wahindi huihusisha na Tansen, mwimbaji wa Mfalme Akbar. Hutembea polepole, hupenda sauti za chini, na baadhi ya noti zake hutikiswa taratibu kama mzee anayepima kila neno. Niliipenda mno, na bado naipenda. Nikaghani mbele ya Tai. Beti mbili tu, akainua mkono. Akaniuliza mshororo wa kwanza unasemaje, nikamfasiria:

Jua limezama kando, nami sijafika kwetu.

Akasema, "Darbari imekaa barazani, mdogo wangu. Wewe bado uko njiani."

Jioni ile ile akaniimbia Marwa. Noti za muziki huu huitwa Sa, re, ga, ma, pa, dha na ni, na Sa ndiyo nyumbani. Tanpura huitaja muda wote, na raga nyingi huondoka hapo na kurudi hapo. Marwa, ambayo ni raga ya jua kuzama, huizungukazunguka Sa, hukaa kwenye re iliyoshushwa, hukaa kwenye dha, na huchelewa sana kutua. Pa, ambayo katika raga nyingi ni nguzo ya pili, haimo kabisa. Sikio linajua nyumbani ni wapi kwa sababu tanpura inavuma, lakini mwimbaji hafiki. Nilipoghani tena na kulifikia neno "kwetu", koo lilinikaba. Hapo ndipo nilipomlilia baba kwa mara ya kwanza tangu simu ile.

Kwa hiyo, kabla hujauliza shairi ni la huzuni au la furaha, uliza anayesema yuko wapi. Amefika? Anangoja? Anaaga? Hisia peke yake haitoshi hata ndani ya raga zenyewe. Bhupali na Deshkar zina noti tano zile zile. Bhupali ni ya jioni, huegemea ga, imetulia kabisa. Deshkar ni ya asubuhi, huegemea dha iliyo juu zaidi, imechangamka. Marwa nayo inashirikiana noti zote sita na Sohni, ila Sohni hupanda juu na kuhangaika huko, na huimbwa mwishoni mwa usiku, kabla ya alfajiri. Ungeandika noti zake tu karatasini, usingezitofautisha.

Orodha yako imetokana na nadharia ya rasa, yaani ladha ya hisia ambayo sanaa humpa msikilizaji. Natyashastra, kitabu cha kale cha India, kilitaja rasa nane, na ya tisa, shanta, yaani utulivu, ikaongezwa baadaye. Lakini kitabu kile kilihusu hasa maigizo ya jukwaani, na raga kama tunavyozisikia leo zilikuja baada yake. Ukitaka kuona ushairi na raga vikiishi nyumba moja, angalia Guru Granth Sahib, kitabu kitakatifu cha Masingasinga: sehemu yake kubwa imepangwa kwa raga 31.

Sasa kuna jambo ambalo hutalikuta kwenye orodha yoyote, na ndilo linalonifurahisha kuliko yote. Mshororo wa shairi letu la kawaida una mizani 16: ukwapi 8, utao 8. Tintali, mzunguko unaotumika kuliko mingine kwenye tabla, zile ngoma mbili za India, una mapigo 16. Nilipogundua hilo nilidhani kazi imekwisha, nikaweka mizani ya kwanza kwenye pigo la kwanza. Ikatoka kama watoto wanaohesabu darasani. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, yaani mizani ya 7 ya kila kipande, na mimi nilikuwa naitupa pale ambapo mzunguko hauna uzito. Pigo la 1 huitwa samu, ndipo wapigaji na mwimbaji hukutana. Pigo la 9 ni khali, maana yake tupu, na anayehesabu kwa makofi hapo hupunga mkono tu.

Anza kwenye pigo la 11. Hesabu mwenyewe: "Jua limezama" inachukua 11 hadi 16, na "ka" ya "kando" inaangukia samu. Utao unaanza pigo la 3, na "kwe" ya "kwetu" inatua kwenye khali. Ukimaliza uko pigo la 10, na mshororo unaofuata unaanza 11 tena. Nilijaribu zaidi ya mara mia, na kila mara neno "kwetu" lilipoangukia mahali patupu lilinipata upya.

Halafu punguza maneno. Maneno ya khyali, mtindo mkuu wa uimbaji wa kaskazini mwa India, mara nyingi ni mistari michache tu, na mwimbaji hukaa nayo nusu saa. Beti zangu saba zilibaki mbili. Acha kwanza alapu, ule mwanzo usio na mapigo, ipite dakika kadhaa kabla hujaanza kughani maneno.

Kuhusu mashairi yako. La mvua, sikiliza Miyan ki Malhar, ila ujue kwamba mvua katika ushairi wa kaskazini mwa India mara nyingi ni ya mwanamke ambaye mpenzi wake yuko safarini, hajarudi. Upepo wetu wa kusi ndio huo huo unaovuka ikweta kwenda kunyesha kwao, kwa hiyo mtunzi wa pwani ana haki zote na raga hiyo. La bibi, kama unamuaga, ni Bhairavi, ambayo kwa kawaida ndiyo hufunga onyesho. Kama bado unamngoja mlangoni, rudi kwa Marwa.

La mapenzi siwezi kukuambia bila kulisoma. Kama anangoja usiku, jaribu Bageshri. Tuwekee hapa ubeti wa kwanza, na utuambie unamghania saa ngapi.