Nilitibiwa Peke Yangu, Gono Ikarudi

Miaka sita iliyopita niliamka nikakuta doa la usaha kwenye bukta, na haja ndogo inachoma kama pilipili. Nikafanya wanachofanya wanaume wengi: nikaenda duka la dawa, tena si la mtaani kwetu, nikamnong'oneza muuzaji kwamba nina UTI. Akanielewa upesi, akanifungia sipro, vidonge vya antibiotiki. Nafuu kidogo, wiki ya pili yale yale.

Zahanati nilidungwa sindano ya gono, yaani kisonono, nikapewa na vidonge vya klamidia, ugonjwa mwingine wa zinaa, kwa sababu hayo mawili mara nyingi huandamana. Nesi alisema sipro haiiwezi tena gono, vijidudu vimeshaizoea. Kisha akanipa karatasi ya kumwita mwenza. "Kaka, mlete na yeye." Nikaikunja, nikaitia kwenye waleti.

Ikakaa humo. Nilijiambia haumwi kitu, nimtie wasiwasi wa nini? Mwanamume kwa kawaida hujijua ndani ya siku chache, lakini wanawake wengi wenye kisonono hawaoni dalili yoyote, huku kinapanda taratibu hadi kwenye mirija ya uzazi. Mwezi haujaisha, doa likarudi. Dawa haikuwa na kosa. Nilipona, nikaambukizwa upya, maana ukishaugua kisonono hupati kinga.

Safari hii nilisema. Ukifika hapo, anza na wewe mwenyewe, usiulize "umeitoa wapi": "Nimepimwa, nina kisonono, na wewe unahitaji dawa." Alilia. Kisha akauliza kama si kile choo tunachochangia na wapangaji wenzetu. Nilitamani sana kujibu ndiyo! Lakini vijidudu hivi hufa haraka nje ya mwili. Njia yake ni ngono, ya mdomo na ya nyuma zikiwemo, na mama humwambukiza mtoto wakati wa kujifungua. Ndiyo maana vichanga hupakwa dawa ya macho.

Twende zahanati pamoja, tukakubaliana. Tulipimwa pia kaswende na VVU. Siku saba bila kukutana, baada ya hapo kondomu. (Kwa hofu ya VVU usingoje dalili: dawa ya kuzuia huanzwa ndani ya saa 72 tangu tendo.)

Kurudi nyumbani, kwenye daladala, kila mmoja alikalia kalio moja, na hatukusemezana mpaka kituoni.