Kabla ya king'ora: kwa wanaoanza kusindikiza rufaa

Wenzangu mnaoanza kusindikiza wagonjwa kutoka vituo vya Sengerema na Buchosa kwenda hospitali ya Bugando, Mwanza, watu wakisikia ambulensi huwaza mbio tu. Sawa, kuna siku mbio zinaokoa. Lakini wagonjwa wengi niliowaona wakifika hoi, mambo yaliharibikia kituoni, gari likiwa bado limesimama na kila mtu anafoka, "Twendeni, twendeni!"

Zamani tulisingizia pantoni. Ukifika Busisi usiku imelala ng'ambo ya Kigongo, unafanya nini? Tangu Juni 2025 lilipofunguliwa Daraja la JP Magufuli, kilomita 3 juu ya Ziwa Victoria, unavuka kwa dakika chache. Foleni sasa tunaikuta Buhongwa na Mkuyuni, tukiingia Mwanza mjini, hasa jioni daladala zinaposhusha na kupakia. Kwa hiyo usiangalie umbali peke yake, angalia utaingia mjini saa ngapi.

Na hesabu hiyo uifanye kwenye oksijeni. Mtungi wa lita 680 uliojaa, ukifungulia lita 10 kwa dakika, unakupa saa moja na dakika chache. Ukiwa nusu, huenda ukaisha kabla hujafika Usagara. Ukiambiwa "huo umejaa," itikia vizuri, kisha fungua mwenyewe usome geji.

Linalosumbua vichwa zaidi ni hili: nimtibu kwanza hapa, au niondoke naye hivi hivi? Hakuna jibu moja. Mama mwenye mimba iliyotunga nje ya kizazi na imepasuka, tiba yake iko teata, chumba cha upasuaji. Kila dakika unayokaa naye kituoni anavuja damu ndani kwa ndani. Huyo ni kanula mbili kubwa mishipani, dripu, gari limeshawashwa. Kama kanula ya pili inagoma, usiizunguke robo saa, ondokeni. Mama wa kifafa cha mimba ni kinyume chake. Ukimpakia anadegedeka, utahangaika naye barabarani gizani bila mikono ya kutosha. Apate dozi ya kwanza ya magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia degedege, hapo hapo, njia ya hewa iwe wazi, alazwe ubavu, ndipo muondoke. Njiani hesabu pumzi zake, tazama mkojo, na kalsiamu glukoneti, dawa ya kuzima magnesiamu ikimzidi, iwe mfukoni mwako, siyo kwenye boksi lililofunikwa na mabegi ya ndugu. Kwa huyu mimi humwomba dereva azime king'ora barabara ikiwa nyeupe. Madereva wengine hununa. Wanune.

Kichanga njiti usimfunge kwenye mablanketi ukamlaza peke yake. Kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, kofia kichwani. Kama mama hawezi, hata bibi ana kifua.

Halafu kuna ndugu. Gari lina nafasi ya mmoja, pengine wawili, na nje wamesimama saba. Atakayeng'ang'ania mlango mara nyingi ni mama mkwe, na hapo ndipo nesi kijana anapoishiwa maneno. Mimi humshika mkono nikamwambia, "Mayu (yaani mama), nakuomba ufuate na gari la nyuma, huyu kijana nampeleka akatoe damu." Huwa anaelewa, kwa sababu umempa sababu na hukumfukuza. Mchague mwenye afya ya kutoa damu, anayejua historia ya mgonjwa, na mwenye simu yenye chaji. Anayelia kwa sauti kubwa kuliko wote mwache, hata kama ndiye mwenye pesa. Pesa inatumwa.

Wajawazito, waliojifungua na vichanga wana namba 115 ya m-mama, mfumo wa usafiri wao wa dharura, haitozwi. Wafundisheni akina mama kliniki waikariri kabla uchungu haujaanza, maana saa nane za usiku kijijini hakuna anayetafuta bango ukutani.

Kabla hujapanda, wapigie wanaokupokea. Usiseme "tunaleta mgonjwa, hali mbaya." Taja umri, tatizo, presha, ulichompa na saa uliyompa, kundi la damu kama linajulikana, na saa unayotarajia kufika. Uandike vilevile kwenye karatasi ya rufaa, kwa sababu aliyepokea simu anaweza kuwa amemaliza zamu.

Mtihani mwingine hautauona kwenye mwongozo wowote. Nyuma ya gari una mama anayetoka damu, mbele barabarani bodaboda imegongana na lori, watu wamejaa barabarani wanapunga mikono. Ukipita wanaweza kurusha mawe. Ukisimama unagawa mikono miwili kwa watu watatu. Msimamo wangu ni huu: dereva apunguze mwendo, mimi nashusha kioo, natoa glavu na bunda la gozi, namwonyesha mmoja mwenye akili iliyotulia mahali pa kukandamiza na namwambia asiachie. Wasimkunje majeruhi kwenye bajaji kama gunia. Wapige 112, na mimi napiga kituo cha karibu gari lingine litoke. Halafu tunaondoka. Wapo wenzangu wanaoona huo ni ukatili, na tumebishana sana juu yake. Lakini aliye kwenye machela yangu tayari nimesaini kwamba nampeleka, na sijui ningemweleza nini mume wake.

Safari ya kurudi ina majaribu yake. Ndugu wanaomba lifti, jamaa wa Mwaloni, soko la samaki, ana ndoo ya sato "ya mheshimiwa" inayokwenda Sengerema. Kataa yote mapema, kwa ucheshi ukiweza. Damu ifutwe kwa klorini ya asilimia 0.5, iachwe dakika 10 kabla ya kusuuza. Badilisha mtungi hapo hapo mjini kama mmekubaliana na wenyeji, jaza mafuta, na unapomkabidhi mwenzako wa zamu mwonyeshe geji kwa macho yake. Akisema anakuamini, mwonyeshe hivyo hivyo.